Kilo Tatu za Inspekta

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Aliyesema hivyo hajawahi kupima chai Ikonge.

Nyamoita alikuwa amehesabu miaka kumi na tisa. Kumi na tisa tangu asimame mbele ya mkutano wa wakulima, mimba ya Brandon ikiwa imemtangulia kama ngoma, akasema mizani ya kituo cha chai inakula majani kuliko mbuzi. Alikumbuka nani alicheka. Alikumbuka nani aliinama akaangalia viatu vyake. Alikumbuka mpaka sweta ya yule mzee aliyemwambia, "Mama, rudi jikoni": ya kijani, imetoboka kiwiko cha kushoto. Mzee alishafariki. Nyamoita alienda matangani, akala wali, akalia kidogo kwa heshima, na hakumsamehe.

Ila habari hii si ya chai. Ni ya mbwa. Chai imejiingiza yenyewe, kama kawaida yake.

Mbwa mwenyewe aliitwa Kamati. Alikuwa jike mwekundu, sikio moja limekatika, hana mwenyewe, analala huko huko sokoni. Nyamoita ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu hakosi mkutano, kila mkutano anakula, na hakuna aliyewahi kuona kazi aliyofanya. Kwa miaka mitatu Kamati alikuwa amezaa mara tano nyuma ya bucha, na kila uzao Nyamoita aliwaokota wale walionusurika magurudumu ya bodaboda, akawapeleka kwake, akawalisha ugali wa dagaa. Sasa alikuwa na mbwa kumi na mmoja. Watu walizunguka njia ndefu ili wasipite kwake. Hilo halikumsumbua, wengi wao walikuwa kwenye orodha ya waliocheka.

Basi mwezi wa pili mbwa asiyejulikana akamng'ata mtoto wa shule mguuni. Naibu wa chifu, Bosire, mtu mwenye tumbo la amani na saa kubwa mkononi, akaitisha baraza akatangaza kwamba Jumatatu ya wiki ijayo sumu itatandazwa sokoni.

"Na watoto wanaookota vitu hapo sokoni?" Nyamoita akauliza.

"Watakatazwa."

"Wewe ulikatazwa kunywa chang'aa mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili, mbele ya jengo hili hili. Ulisikia?"

Baraza likacheka. Bosire alijua akiendelea kubishana, mama huyu atarudi nyuma mpaka elfu mbili na nane, ambao ulikuwa mwaka mbaya zaidi. Wakapatana. Nyamoita alete daktari. Mbwa ishirini wahasiwe au wafungwe kizazi, na wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, kabla jua la Jumapili halijazama, kila mbwa na cheti chenye jina la mwenyewe. Wakifika ishirini, hakuna sumu. Wakiwa kumi na tisa, sumu.

"Na wale wako kumi na mmoja hawahesabiki, ulishawafanyia," Bosire akaongeza. "Wala jina lako lisionekane kwenye cheti chochote, Mama Brandon. Nataka mbwa wa watu."

Kamati alikuwa amelala chini ya benchi la wazee, anasikiliza.

Daktari Anisa alitoka Kisii mjini, binti wa mwuza mitumba wa Daraja Mbili. Mama yake, Bi Batuli, hakumkataza kazi ya mbwa, ila alimwekea bombani beseni lake peke yake, sabuni yake, na dera la kubadilisha kabla hajavuka kizingiti. Anisa alifika Jumapili asubuhi na binamu yake Uzair na masanduku mawili. Akapewa kituo cha chai, maana kina paa, maji na meza ndefu, na Jumapili hakipokei majani. Wasabato walikuwa wameshasali jana yake. Wakatoliki wangekuja baada ya misa.

Uzair akafungua sanduku la kwanza, akafungua la pili, kisha akafungua la kwanza tena.

"Dada," akasema polepole, "mizani imebaki Kisii."

Dawa ya usingizi hupimwa kwa kilo za mnyama. Bila mizani ni kubahatisha, na Anisa hakuwa mtu wa kubahatisha.

"Mizani iko hapa," akasema Jethro.

Jethro alikuwa karani wa kituo, mwembamba, kifungo cha shati kimefungwa mpaka kooni, kalamu sikioni. Hakuwahi kumpigia mtu kelele tangu aanze kazi. Huna haja ya kelele ukiwa na mizani. Akaiwasha, namba zikawaka nyekundu. Kila mbwa akawa anatiwa ndani ya gunia la wavu la kuwekea majani, kichwa nje, ananing'inizwa kwenye ndoana, anazunguka taratibu akitazama watu kwa aibu, na Jethro anabonyeza na kusoma. "Tisa." "Kumi na moja." "Nane."

Foleni ilikuwa fupi na yenye maneno mengi. Wanawake walileta mbwa. Wanaume walileta hoja.

"Mbwa akihasiwa," akasema Ogoti, mwenye shamba la mpakani, "hana sauti tena, mwizi akija usiku atamfungulia mlango."

"Wako ana vyote na bado ulipoteza kuku sita," Nyamoita akamjibu. "Walete hao kuku washuhudie."

Ogoti alikuwa na kambwa kadogo keusi, miguu mifupi, kifua mbele, kaitwako Inspekta. Kalikataa kupanda kilima, ikabidi Nyamoita mwenyewe akabebe mgongoni kutoka barabarani.

Lakini kazi haikuenda. Mbwa wa kwanza alichomwa sindano, akakaa mezani akimtazama Anisa kama anangoja chenji. Akaongezwa dawa. Wa pili alilala, akaamka akinyolewa, akaongezwa dawa. Wa tatu hivyo hivyo. Saa sita ikagonga, mbwa watatu tu wameshonwa, na dawa iliyoletwa kwa kazi ya siku nzima inashuka. Anisa akageuza chupa mara mbili kuangalia tarehe, akamlaani mtu fulani wa duka la dawa kwa adabu kubwa.

Zamu ya Inspekta. "Saba," Jethro akasoma. Akachomwa, akalala, ulimi nje. Uzair akamnyoa, akampaka dawa ya manjano tumboni, akamfunga kitambaa cha kijani cha upasuaji kiunoni. Anisa akanyoosha mkono kuchukua kisu.

Inspekta akafungua macho. Akaangalia kisu. Akajiangalia sehemu zinazohusika. Kisha akaruka meza, akapita katikati ya miguu ya Bosire, aliyekuja kuhesabu, na kushuka mteremko wa chai, kitambaa cha kijani kinapepea nyuma kama joho la askofu.

"Dawa feki!" mtu akapiga kelele.

Hapo foleni ikaanza kulegea. Mama mmoja akafungua kamba, mwingine akafuata. Anisa akavua glavu.

"Mama Brandon, unisamehe. Siwezi kumkata mnyama anayenitazama. Nitarudi mwezi ujao na dawa nyingine."

Mwezi ujao! Bosire alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anaipapasa saa yake. Ng'ambo ya barabara Kamati alikuwa anajikuna, hana habari kwamba amebakiza siku moja.

"Ngoja kwanza," Nyamoita akasema. "Yule Inspekta mmemwandika kilo ngapi?"

"Saba."

"Saba?" Akajishika kiuno. "Yule mbwa nimembeba mimi. Mgongo huu umebeba chai miaka thelathini. Haujui kusoma, lakini unajua kumi. Yule ni kumi."

Akageuka polepole.

"Jethro. Umetoa uzito wa gunia?"

Jethro akakunja uso kama mtu aliyeulizwa kama amevaa suruali. "Nimetoa, mama. Kila kinachoning'inia hapa hutolewa gunia. Ni utaratibu."

"Gunia ni gramu ngapi?"

"Mama, mimi nilikuta kitufe kimewekwa hivyo."

"Na ukakiacha hivyo."

Pale kwenye foleni waliokuwa wamefungua kamba wakasogea karibu na mizani. Walikuwa wenye mbwa, lakini kabla ya hapo walikuwa wenye chai, kila mmoja wao. Nyamoita akamtuma Uzair dukani akaazime robota la unga ambalo halijafunguliwa: pakiti kumi na mbili, kilo mbili mbili. Mtoto wa darasa la tatu anajua hiyo ni ishirini na nne. Wakalitia guniani, wakaling'iniza, Jethro akabonyeza.

Ishirini na moja.

"Pima tena," Ogoti akasema.

Ishirini na moja.

"Kilo tatu," mama mmoja akanong'ona. "Kila gunia. Kila siku. Mimi nimesomesha mtoto wa nani?"

Kisha ikawa vurugu. Mmoja alitaka kuichoma mizani, wa pili alitaka iandamanishwe mpaka kiwandani, na wa tatu, aliyecheka miaka kumi na tisa iliyopita na ambaye Nyamoita alimjua kwa meno, alikuwa anapaza sauti kwamba yeye amesema jambo hili tangu zamani. Jethro hakuonekana tena. Watu wakaanza kushuka barabarani, na mbwa wao wakawafuata.

Jamani, huyu mama alikuwa ameingoja siku hii tangu Brandon hajazaliwa. Ameiota. Kwenye ndoto yeye ndiye aliyetangulia mbele. Na sasa imekuja, tena imekuja siku ya mbwa, imewakuta mbwa watatu kati ya ishirini. Akatazama mgongo wa umati. Akatazama ng'ambo ya barabara. Kamati alikuwa amesimama, sikio lake moja limeinuka, anafikiri ni mkutano.

Nyamoita akapanda juu ya meza ya upasuaji.

"Mnaenda na nini?" akauliza. "Na unga? Watawaambia unga umelowa! Majani ya juzi yako wapi? Jani likishapimwa haliji tena kutoa ushahidi. Mbwa anarudi!"

Wakasimama.

"Dagitari, cheti chako kina mahali pa uzito?"

"Kinapo," Anisa akasema.

"Kina muhuri?"

"Wangu, wenye namba ya usajili."

"Basi kuanzia sasa unaandika mara mbili. Mizani ya kituo ilisema nini, na ukweli ni nini. Unapiga muhuri. Hapa Ikonge tumelia miaka yote bila karatasi. Nani amewahi kuona muhuri unaosema mizani ni mwongo? Kila mwenye mbwa ni shahidi. Asiye na mbwa atuangalie."

Kumbe mtu wa chai ukitaka ampende mbwa, mwonyeshe muhuri. Wanaume waliokuwa wameapa kwamba mbwa wao hataguswa walikimbia nyumbani kuwatoa chini ya vitanda. Ogoti alimpata Inspekta amejikunyata chini ya mchai, bado amevaa joho lake, akamrudisha kwa mikono miwili.

"Si ulisema mbwa aliyehasiwa hana sauti?" Nyamoita akamuuliza.

"Sauti itatoka kwenye cheti," Ogoti akajibu. "Kata, dagitari."

Robota likapimwa mbele ya kila mbwa, kilo tatu zikarudishwa, dawa ikachotwa kwa kipimo cha haki, na mbwa wakalala kama wazee kwenye hotuba. Anisa alikata na kushona bila kuinua kichwa. Watano, tisa, kumi na nne. Saa kumi na moja na nusu jua limeegemea mlima, vyeti kumi na tisa vimepigwa muhuri, na Ikonge imeishiwa mbwa.

"Paka anaweza?" mtu akauliza.

"Hapana," Bosire akasema, saa usoni.

Wote wakatazama ng'ambo ya barabara. Nyamoita akaenda na utumbo mkononi, akaita, akabembeleza. Kamati akarudi nyuma hatua tatu, akakaa. Alishawaona watu wenye kamba. Alishaona pia Nyamoita akibeba watoto wake mara tano, na yaelekea yeye naye hakuwa mwepesi wa kusahau.

"Hata ukimshika," Bosire akasema, "mwenye jina ni nani?"

Mluzi ukasikika, mara mbili, mfupi mfupi.

Jethro alikuwa ametoka kwenye stoo ya magunia, kumbe alijificha humo. Mkononi alikuwa na nusu mandazi. Kamati akavuka barabara bila kuangalia pikipiki, akaja tumbo chini, mkia unafagia vumbi, akaketi juu ya kiatu cha Jethro kama mtu anayejua kiti chake.

"Tangu lini?" Nyamoita akauliza.

"Huwa analala chini ya mizani. Asubuhi nikinywa chai namwachia nusu."

"Nimeuliza tangu lini."

"Mwaka juzi, mwezi wa nane. Siku ile ya mvua ya mawe."

Nyamoita alikumbuka mvua ile. Alikumbuka pia kilo alizopimiwa siku ile. Lakini hili la mandazi lilikuwa limemfikia bila kumkuta na nafasi ya kuliweka, akasimama nalo tu, na utumbo mkononi.

Jethro akamtia Kamati guniani, akamning'iniza. Kidole chake kikaelekea kwenye kitufe chenyewe, kwa mazoea, na Ikonge nzima ikakitazama kile kidole. Akakirudisha. Akakitia mfukoni kabisa.

"Kumi na nne," akasema.

"Na gunia?"

"Gunia halina uzito wa kutajwa, mama."

Kamati alipokwisha kushonwa, Jethro akaandika jina lake lote kwenye mstari wa mwenye mbwa: Jethro Nyangau. Mwandiko mzuri, wa karani. Bosire akaangalia saa, akaangalia mlima, akaangalia nyuso za watu wenye vyeti, akaona ni afadhali ahesabu ishirini.

Jumatatu asubuhi watu wa sumu walirudishwa kutoka barabarani. Vyeti ishirini vilikuwa vimekwenda kiwandani, na wazee sita wa kuvisoma kwa sauti. Kituoni robota la unga lilipimwa kabla ya gunia la kwanza, na chini ya mizani alilala Kamati, amevalishwa fulana ya zamani ya Jethro ili asilambe mshono.

Nyamoita akaning'iniza majani yake.

"Thelathini na tatu," Jethro akasoma. Kisha chini chini: "Mama, unisamehe."

"Sijasamehe," Nyamoita akasema. Akamtazama mbwa. "Ila Alhamisi wiki ijayo dagitari anakuja kutoa nyuzi. Mlete saa tatu. Na usichelewe, Jethro. Ulichelewa elfu mbili na kumi na moja, tukanyeshewa."