Jina Mgongoni mwa Mama

Leo ni Jumatano, tarehe 12 Juni 2019. Usiku wa kuamkia leo niliota ndoto, nami naiandika kwa mkono wangu kabla haijanitoka.

Mimi ni Tusekile, mfinyanzi wa vyungu na mama wa watoto wanne. Juzi, katika darasa letu la watu wazima, Mwalimu Lugano alituonyesha picha za sanamu za kichwa na mabega, za udongo wa kuchoma, zilizofinyangwa Ufaransa miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Mgongoni kila moja ilikuwa na jina la aliyeifinyanga. Nililala nikiliwaza jambo hilo, kwa kuwa leo natakiwa kusaini fomu ya shule ya binti yangu, na miaka yote nimeweka dole gumba.

Katika ndoto nilikuwa darasani, dawati la mbele. Mara darasa likawa ukumbi mrefu wenye rafu hadi darini. Rafuni wamepangwa Wafaransa wa udongo mwekundu, wote wameishia mabegani.

"Shikamoo," nikamwamkia mama mmoja mwenye nywele zilizorundikwa kama kichuguu.

"Marahaba. Uniwie radhi, sitainuka. Mimi ni Madamu Eloiza. Harakisha, Tusekile, tanuru lina njaa."

Hapo naona nimeshika kijiti, na mbele yangu pana sanamu mbichi niliyoifinyanga mwenyewe. Ni mama yangu mzazi, aliyefariki mwaka juzi, na kilemba chake, na kovu lake la kidevuni.

Tanuru linaingia likikohoa moshi. Linawakagua Wafaransa mmoja mmoja, maana kichwa kilichojaa udongo hupasuka motoni.

"Kichwani mwako mna kitu?"

"Hamna kitu!" wanajibu kwa fahari.

"Na huyu?"

"Nimemkomba kwa kijiko," nasema. "Unene wake ni kidole kimoja, kama chungu cha maharage."

"Vyema. Jina la mfinyanzi liko wapi?"

Mgongoni mwa mama hapakuwa na kitu. Kwetu chungu hakiandikwi jina. Mfinyanzi hubonyeza dole gumba chini ya ukingo, na sokoni kila mtu humjua mwenyewe. Nikainua dole gumba langu.

Sanamu zikacheka mpaka rafu zikatikisika. Bwana mmoja mwenye wigi akashuka akiburuta mabega, amebana kijiti menoni.

"Kwa sheria yetu, kichwa kisicho na jina ni cha atakayewahi kuandika. Huyu bibi nitasema nimemfinyanga mimi."

"Wewe huna hata mikono!"

"Nina jina."

Udongo unaanza kukauka. Mama anageuza shingo.

"Mwanangu, usiniwekee dole gumba."

"Ndivyo ulivyonifundisha, mama."

"Nilikufundisha nilichokijua. Mimi niliweka dole gumba kwenye vyungu, nikaliweka na kwenye karatasi iliyoondoka na shamba letu, nisijue imeandikwa nini. Andika."

"Mkono wangu haujazoea kuandika."

"Mkono uliofinyanga pua hii ushindwe na herufi? Haya, kabla sijakauka!"

Bwana mwenye wigi alikwisha kufika begani kwa mama. Nikamsukuma kwa kiwiko, akabingirika akilalamika, "Taratibu, mama, mimi ni mtu wa kale!" Kijiti changu kikavunjika. Sikukubali. Nikaandika kwa kidole cha shahada, herufi baada ya herufi, ulimi nimeuuma: Tusekile Mwalwanda, 2019.

Tanuru likainama, likasoma kwa sauti, likarudia.

"Limesomeka," likasema. Likammeza mama polepole, kama mtu anywaye uji wa moto. Nikasikiliza kwa muda mrefu. Hakupasuka.

Niliamka kumepambazuka. Chini ya ukucha wa kidole changu cha shahada palikuwa na udongo mwekundu. Udongo wa kwetu ni wa kijivu, nami sijagusa udongo tangu Ijumaa. Nikalitazama dole gumba. Lilikuwa safi.

Saa nne nitakuwa shuleni. Mwalimu mkuu akinisogezea kile kikopo cha wino, nitakirudisha na kuomba kalamu.

Nawe uliyeisoma ndoto hii, tafadhali msomee mama mmoja ambaye bado anaweka dole gumba, kisha mwachie karatasi na kalamu.