Mtoto Anayesikilizwa

Mwalimu Imelda aliwafundisha watoto wa darasa la pili mambo matatu tu, na Lusubilo aliyashika yote. La kwanza, ukiomba, taja jina la mtu na jambo lenyewe, usizungukezunguke. La pili, ukishaomba, usiwe na shaka. La tatu, Mungu akikujibu, mshukuru kwa sauti, watu wasikie.

Bibi Ruti alifurahi kwa hilo. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tatu, na sala alizozijua ni zile za kukariri kanisani. Mjukuu wake Lusubilo alikuwa anaongea na Mungu kama anavyoongea na mtu wa dukani. Kila jioni alipiga magoti kwenye mkeka kule Mpemba, malori yakinguruma barabarani kuelekea mpakani, akamwomba Mungu mama yake arudi. Mama yake, Violet, alivuka kwenda Zambia kutafuta maisha Lusubilo akiwa hajaanza shule, na simu yake ilikuwa imeacha kuita muda mrefu. Bibi Ruti aliisikiliza sala hiyo huku anasonga ugali. Utamwambia nini mtoto?

Jambo la mbwa lilichekesha. Mbwa wa mzee Nikodemo alikuwa anawavizia watoto njia ya shule, na Lusubilo ilipofika zamu yake ya kuongoza sala ya asubuhi akaomba aondolewe. Kesho yake lori lililojipenyeza kwenye foleni likamkanyaga. Lusubilo akasimama kando ya barabara na begi lake mgongoni, akashukuru kwa sauti, na madereva wakacheka mpaka mmoja akampa biskuti. Bibi Ruti alipohadithiwa naye akacheka, Mungu amsamehe.

Jambo la mwalimu Zabron halikuchekesha. Zabron alifundisha hesabu, na fimbo yake watoto waliijua kuliko jina lake. Siku moja Lusubilo akafumba macho mbele ya darasa zima, akasema, "Mungu, mwalimu Zabron asije tena." Mwalimu Imelda alimkatiza, lakini lilikuwa limeshatoka. Wiki hiyohiyo bodaboda aliyoipanda Zabron ikaingia chini ya tela, mguu ukavunjika mahali pabaya, akapelekwa Mbeya. Hakurudi. Na Lusubilo, kama alivyofundishwa, alishukuru kwa sauti.

Basi, ndipo maandazi yakaanza kuja nyumbani.

"Hili umelitoa wapi?" Bibi Ruti aliuliza.

"Diana wa darasani kwetu kanipa. Anataka nimwombee mama yake wa kambo."

"Umwombee nini?"

"Aondoke."

"Aondoke kama nani, mume wangu?"

Mtoto akafikiri. "Hakusema. Kama mwalimu, labda. Au kama mbwa."

"Umeshaomba?"

"Bado. Nilikuwa nakula kwanza."

Bibi Ruti alimnyang'anya kipande kilichobaki akakitupa jikoni kwenye makaa. Kiliungua polepole, kikanuka mafuta, na wote wawili wakakiangalia mpaka kikaisha.

Baada ya hapo bomba la maji likabadilika. Zamani alipofika na ndoo yake, wanawake walimsogeza mbele kwa ajili ya umri wake. Sasa pia walimsogeza mbele, tena haraka zaidi, lakini maneno yalikatika, na aliyekuwa anacheka aliacha mdomo wazi kidogo. Walitaka achote aende. Jirani yake Jenista, ambaye hakuwahi kupitisha juma bila kuja kuazima chumvi, aliacha kuja.

Siku moja Jenista huyo ndiye aliyelisema. Hakutoa hata shikamoo.

"Mama Violet, hebu nikuulize. Huyu mjukuu wako kafundishwa na nani kuomba?"

"Shuleni kwao. Na Goodness wako yumo darasa lilelile."

"Ndiyo maana nauliza. Wanafundishwa wote. Goodness wangu anaomba viatu tangu mwaka uanze, bado anavaa ndala." Wanawake wakaguna. "Mbona ni wa kwako tu anayesikilizwa? Na huyo anayemsikiliza ni nani?"

Bibi Ruti alijitwika ndoo. Maji yalimmwagikia shingoni, hakuyafuta.

"Lambalamba wako huko chini Momba," mwingine alisema nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya mahindi. "Watu wanasema waitwe na huku. Watuonyeshe."

Hakuwa na haja ya kuelezwa. Lambalamba wakiingia kijijini wananusa uchawi nyumba kwa nyumba, na nyumba wanayosimama mbele yake mara nyingi ina kikongwe ndani. Alishamwona mmoja, mama wa watu wa kijiji cha Ruanda, baada ya lambalamba kusimama mlangoni kwake. Nyumba yake ilibaki kuta. Mwenyewe alipelekwa kwa ndugu, na huko nako hawakumpokea.

Kesho yake akafunga kitenge, akaenda shuleni wakati wa mapumziko. Mwalimu Imelda alikuwa peke yake darasani, anapanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Wanataka kuniletea lambalamba."

Imelda akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti juu. "Nimesikia. Wazazi wawili wamehamisha watoto wao. Bibi, mimi nimefundisha maandiko tu. Ombeni nanyi mtapewa."

"Umewafundisha kuomba, vizuri. Umewafundisha kunyimwa?"

Mwalimu alijifuta vumbi la chaki magotini.

"Basi wafundishe," alisema Bibi Ruti. "Wazazi waje Jumatatu. Lusubilo aombe mbele yao jambo kubwa analolitaka kuliko yote, alitaje, na siku yake aitaje. Halafu lisitokee, na watu wote waone halikutokea."

"Jambo gani?"

"Mama yake arudi."

Imelda akainuka kitini. "Bibi, huyo ni mwanao."

"Ni mwanangu. Ningekuwa na imani kwamba atarudi, ningetafuta jambo lingine."

"Na huku si kumjaribu Mungu?"

"Mungu tumwache. Mimi nawajaribu majirani."

Wazazi walikuja Jumatatu, wengi kuliko wanaokuja kwenye kikao cha chakula. Lusubilo alisimama mbele ya ubao, soksi zimevutwa mpaka magotini. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Aliambiwa tu aombe analolitaka sana na aitaje siku yake, na uso wake uling'aa kwa furaha hata Bibi Ruti akainama chini.

"Mungu, mama yangu Violet arudi nyumbani kabla jua la Ijumaa halijazama. Amina."

Watu walisema amina kwa sauti ya chini, wengine hawakusema.

Wiki ile Bibi Ruti aliomba kama hajawahi kuomba, naye akayafuata mafundisho ya mwalimu: akataja jina, akataja jambo. Violet asije. Alilisema kwenye shamba la mahindi, mbali na masikio ya mtoto, na kila aliposema alihisi kama anamsukuma mtu aliyeshika mlango.

Ijumaa jioni walikusanyika uwanja wa shule, mahali ambapo barabara kuu inaonekana. Hakuna aliyewaita. Kila basi lililosimama, shingo zilinyooka. Akashuka mwanamke na kuku. Wakashuka vijana wa mitumba. Akashuka mwanamke mrefu mwenye begi jekundu, na Bibi Ruti akashika bega la mwalimu Imelda, lakini mwanamke akageuka, akawa mtu mwingine. Jua likateremka upande wa Zambia, likagusa vilima, likakatika.

Mtu mmoja akapumua kwa nguvu. Mwingine akacheka. Jenista alikuja akamshika Bibi Ruti mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama yangu. Kumbe ni mtoto wa watu tu, kama Goodness na viatu vyake. Tusameheane. Nitakuletea maharage jioni hii, na chumvi yako nimeikalia muda."

"Marahaba, Jenista. Karibu."

Watu wakatawanyika wanaongea mambo ya mbolea. Bibi Ruti alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kumnyima mwanawe.

Nyumbani Lusubilo hakulia. Alisimama mlango wa nyuma, anaangalia magharibi.

"Njoo ule, mume wangu."

"Jua bado, Bibi."

"Limezama. Wote tumeliona."

"Pale shuleni kuna vilima. Hapa bado kuna wekundu."

Bibi Ruti akainuka aende kuufunga mlango. Na ndipo mahindi ya nyuma ya nyumba yakatikisika, taratibu, mstari mmoja, kama yanavyotikisika ng'ombe akiingia. Akatokea mwanamke, viatu mkononi, tope mpaka magotini, kitenge cha Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kimemfunika kichwa.

"Mama," alisema Violet. "Nimepita njia za panya, sina karatasi hata moja. Nimeogopa barabarani."

Alikuwa amekonda. Alikuwa na kovu jipya chini ya jicho. Alikuwa mwanawe.

"Nani kakuona?" aliuliza Bibi Ruti.

Violet akajaribu kutabasamu. "Miaka yote hii, Mama, ndiyo salamu?"

"Violet, nani kakuona?"

"Hakuna. Mbona hunikaribishi? Kwa yule mwanaume niliyeishi naye huko sirudi tena, bora nife. Jumatatu nilikuwa nafua, nikainuka tu nikaacha nguo kwenye beseni. Sijui hata nilipata wapi nguvu."

Bibi Ruti alimvuta ndani kwa mkono, akasukuma mlango. Ndipo akamwona Lusubilo. Mtoto hakumkimbilia mama yake. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, wima, mikono imekunjwa kifuani, na kifua kinajaa pumzi. Alikuwa anajiandaa kufanya lile la tatu alilofundishwa.

Bibi alimfikia kabla. Akamziba mdomo kwa kiganja, akamkandamiza kichwa chake tumboni mwake.

"Polepole, mume wangu. Moyoni. Mshukuru moyoni."

Mlango wa mbele ukagongwa.

"Hodi humu," ilisema sauti ya Jenista, ya furaha. "Mama Violet? Nimeleta maharage, na wenzangu wamenisindikiza."

Violet akafungua mdomo aitikie, kama mtu yeyote aliyefika kwao. Bibi Ruti alimtazama, akatikisa kichwa. Chini ya kiganja chake midomo ya mtoto haikutulia. Ilikuwa inaendelea, neno kwa neno, na pumzi yake ya moto ilikuwa inapenya katikati ya vidole.

"Hodi," alisema Jenista tena.