Deraya ya Zel

Doray alikataa katakata kuomba vipimo. Fe alimshauri mara ya kwanza, akamshauri mara ya pili, na mara ya tatu akaweka chini sahani yake ya tambi ili asikike vizuri.

"Mpigie mtoto akupe vipimo. Kifua, kiuno, mabega, urefu. Ni kazi ya dakika mbili."

"Nikimuuliza atajua. Nataka kumshtukiza."

"Basi mwambie mdogo wako Belen ampime kijanja."

"Dada Fe, mtoto yule nimemzaa mimi. Nimemwogesha mimi, nimemvisha sare ya shule mimi. Leo nianze kuulizia mwili wake kwa watu?"

Fe akaokota sahani yake akaendelea kula. Maneno ya namna hiyo yalikuwa na miba pale, na mtu mzima anajua pa kuishia. Wanawake wote waliokaa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, chini ya daraja la waenda kwa miguu katikati ya Hong Kong, walikuwa wameacha watoto kwao Ufilipino. Siku sita walilea watoto wa watu. Ya saba, Jumapili, walikaa chini wakala, wakasukana nywele, wakasimuliana habari za watoto wao wenyewe kana kwamba wamewaona asubuhi ile.

Doray alimwacha Krizelle, ambaye nyumbani huitwa Zel, kwa Belen, akiwa na miaka kumi na mmoja. Sasa Zel alikuwa na kumi na sita. Likizo ya kwanza ilipofika, viwanja vya ndege vilifungwa kwa ugonjwa wa korona. Ya pili, bosi wake, bibi mwenye nyumba aliyoitumikia, alikuwa ndiyo kwanza amejifungua, akamsihi asiondoke. Mwaka jana akapewa wiki mbili bila mtu kumsihi abaki, na tusidanganyane, hiyo aliikataa mwenyewe. Alisema anaogopa kupoteza kazi. Uongo mtupu. Aliogopa kushuka uwanja wa ndege wa kwao, Iloilo, halafu mtoto ampe mkono, kwa adabu, kama anavyopewa shangazi wa mbali.

Waliongea kila Jumapili kwa video. Zel alikuwa na tabia ya kujilaza kitandani na kuinua simu juu ya kichwa, kwa hiyo Doray aliona paji la uso, macho, mdomo, na kipande cha mto. Mara nyingine Aira, binti wa Belen, alichungulia pembeni, akapunga mkono akatoweka. Simu ikaisha. Miaka mitano mizima Doray alikuwa mama wa uso.

Siku moja uso ule ulimwambia kwamba mwezi wa kumi kutakuwa na mashindano kwenye jumba la maduka, watu kuvaa kama wahusika wa gemu na kupita jukwaani.

"Na wewe utakuwa Orvanna," Doray akasema papo hapo.

Zel akacheka. "Ma, bado unamkumbuka Orvanna?"

Angemsahau vipi? Orvanna alikuwa mlinzi wa lango katika gemu moja, mwanamke aliyevaa deraya, vazi la chuma la vita, ya rangi ya fedha kuanzia utosini hadi vidoleni, na Zel wa miaka kumi na mmoja alikuwa akimchora nyuma ya kila daftari.

"Nitaenda kutazama tu," Zel akasema. "Deraya kama ile nani ataitengeneza?"

Wiki ileile bibi mwenye nyumba akaamuru mikeka ya mtoto itupwe. Ilikuwa ile ya sponji ngumu, jamii ya sponji ya malapa, vipande vya mraba vinavyoumana kama meno. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea na hakuihitaji tena. Doray aliibeba hadi kwenye ngazi za taka, akasimama nayo pale, akaipinda kidogo kwa mikono. Ikapindika, ikarudi. Hakuitupa. Akaamua kwamba mwezi wa kumi mwanawe atapanda jukwaani amevaa kazi ya mikono ya mama yake, itamkaa barabara, na hakuna atakayethubutu kusema kwamba Doray hamjui mwanawe. Hakuna aliyekuwa amesema hivyo. Lakini yeye alikuwa akiyasikia maneno hayo kila siku akipiga pasi.

Sponji ya deraya haikatwi kwa kukisia. Anayetaka deraya imkae mtu huanza kwa kumviringisha mtu mwenyewe: nailoni ile ya kufungia chakula, juu yake utepe wa gundi, kisha unachora mistari kwa kalamu, unapasua mgongoni, unamtoa. Ganda linalobaki ndilo ramani. Kwa kuwa Zel hakuwepo, aliviringishwa Nenita, mdogo kuliko wenzake wote pale darajani kwa umbo, mwanamke wa miaka arobaini mwenye mwili wa mtoto wa darasa la sita.

"Nimekuwa samaki wa kupelekwa sokoni," Nenita akalalamika, mikono imebanwa ubavuni. "Nikihitaji choo itakuwaje?"

"Utasubiri."

"Wewe Doray una roho mbaya, bahati yako unapika vizuri."

Doray hakumsikia. Alikuwa anasahihisha. Hapa kwapani Zel ni mwembamba kuliko huyu. Hapa shingoni Zel ni mrefu. Bega la kushoto la Zel limeshuka kidogo, tangu alipoanguka kwenye ngazi za kanisa. Alichora, akafuta, akachora, macho nusu yamefumba. Mwishoni akapima vidole viwili akaviongeza pande zote.

"Hii ni kwa ajili ya miaka mitano," akasema. "Mtoto amekua, najua."

Fe aliviangalia vile vidole viwili, akaangalia pembeni.

Kazi ilichukua Jumapili kumi na nne. Doray alikata kwa kisu cha wembe unaovunjwa ncha kila ukiwa butu, akikilaza kidogo ili kingo zikikutana zipinde zenyewe. Kwa kuwa pale chini ya daraja hapakuwa na umeme, alichemshia sponji maji nyumbani kwa bosi, akayabeba kwenye chupa za chai, akayamimina kwenye beseni. Kipande kikilegea alikilaza juu ya goti la Nenita na kukishikilia mpaka kipoe na kubaki na umbo la goti. Kisha gundi ya viatu, pande zote mbili, na kungoja. Hapo kwenye kungoja ndipo wengi huharibu. Ukibandika ingali mbichi, inateleza na kuachia. Doray alingoja mpaka kidole kiguse bila kunata, halafu akabandika mara moja, kwa sababu ikishashikana haibanduki tena.

Alipaka gundi nyeupe tabaka tano ili sponji isinywe rangi. Akapuliza nyeusi, akasugua fedha juu yake kwa kitambaa, akakwaruza hapa na pale, kwani mlinzi wa lango hawezi kuwa na deraya isiyowahi kupigwa. Wapita njia walisimama kupiga picha. Mlinzi wa jengo, aliyekuja kuwafukuza kwa harufu ya gundi, aliishia kuuliza kama anaweza kujaribu kofia ya deraya, ile inayofunika uso wote. Haikupita masikioni.

"Kichwa kama sufuria ya kanisa," Nenita akasema kwa Kifilipino, na mlinzi akatabasamu bila kuelewa.

Deraya ikaingia kwenye boksi kubwa pamoja na sabuni, kahawa na chokoleti, ikapanda meli. Baada ya wiki sita uso wa Zel ukatokea kwenye simu, macho mekundu.

"Ma, sijawahi kuona kitu kizuri hivi maishani mwangu."

"Imekutosha?"

Zel akasogeza nywele. "Subiri siku ya mashindano. Utaona."

Doray alichukua hilo kuwa ndiyo. Nani asingechukua? Aliwatangazia wote, na Fe alimpa mkono wa pongezi, akaomba radhi kwa maneno yake ya mwanzo.

Jumapili ya mashindano wanawake kumi na mmoja walijibana mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Jukwaa lilionekana kwa mbali, vichwa vya watu chini, muziki unakwaruza. Doray alidhani ni Belen anayepiga picha.

"Belen, sogea mbele!" akamwambia. Picha ikasogea mbele, ikitikisika. Hakuna aliyejibu, ila kelele zilikuwa nyingi.

Kisha Orvanna akatokea. Fedha tupu, kifua kinawaka kwa taa za jukwaani, mkuki mkononi. Deraya ilimkaa utadhani amezaliwa nayo. Wanawake wakapiga vigelegele hadi kundi la jirani likageuka.

"Mwoneni," Doray akasema. "Mwoneni mwanangu. Tazameni anavyokanyaga, kisigino kwanza, ni bibi yake mtupu. Na bega la kushoto, Fe, unaliona? Si niliwaambia? Hata angejificha kwenye chuma cha kweli ningemjua. Zel, mwanangu, uzuri wote huo."

Alilia waziwazi, na wenzake wakalia naye, kila mmoja kwa ajili ya wake. Fe alimshika begani. Mwanamke mmoja alikuwa anarekodi simu kwa simu.

Mshereheshaji akaomba washiriki wavue kofia ili watajwe majina. Orvanna akaweka mkuki chini, akahangaika na mkanda wa kidevu, akaivua.

Alikuwa Aira. Jasho lilikuwa limemgandisha nywele usoni, na alikuwa akicheka na pengo lake la jino. Aira, binti wa Belen, mwenye miaka kumi na mmoja.

"Mbona ni Aira?" Doray akauliza. "Zel yuko wapi? Belen?"

"Siyo mama mdogo Belen, Ma." Sauti ilikuwa karibu mno, ya mtu aliyeko nyuma ya picha. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeshika simu."

Wanawake wakaacha kushangilia, mmoja baada ya mwingine. Aliyekuwa anarekodi akashusha mkono.

"Ilikwama mabegani," Zel akasema. "Nilijaribu. Nililala chini, mama mdogo akavuta, ikaanza kuachia hapa kwapani. Nikamwambia aache, nisije nikaiharibu. Aira ilimwingia mara moja tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kukuambia leo, kabla hajapanda. Halafu akapanda, na wewe ukaanza kusema." Muziki wa jukwaani ukaanza tena, ukaisha. "Nikajiambia ngoja. Nilikuwa nasubiri useme siyo mimi."

Fe aliwafanyia wenzake ishara ya mkono, wakainuka kimya wakaanza kukusanya sahani ambazo chakula chake hakijaisha.

"Nimekukosea, Zel."

"Si kosa, Ma. Ni mabega tu."

"Iweke simu mahali," Doray akasema. "Iweke kwenye kitu, urudi nyuma. Nataka kukuona mwili mzima."

Picha ikazunguka, ikapita dari, ikatulia simu ilipoegemezwa juu ya kiti. Kwanza ilionekana fulana nyeusi. Kisha fulana ikarudi nyuma, hatua moja, mbili, tano, watu wakikatiza katikati, mpaka msichana akaingia mzima kuanzia nywele hadi viatu. Alikuwa mrefu kuliko mama yake. Alikuwa na mabega mapana ya baba yake, yamenyooka sawa yote mawili, na mikono ambayo hakujua aiweke wapi.

"Geuka," Doray akamwomba.

Zel akageuka. Doray aliutazama mgongo ule muda mrefu. Ulikuwa mgongo wa mtu mzima, wa mtu ambaye Doray angempita sokoni na kuomba apishwe njia. Akapapasa kwenye mkoba wake akatoa kalamu, akavuta kipande cha boksi alichokuwa amekalia.

"Niambie vipimo vyako," akasema. "Mabega. Kifua. Urefu. Nitaandika."

"Sijui, Ma," Zel akasema, bado amempa mgongo. "Hakuna aliyewahi kunipima."