Tone la Kumi na Mbili

Niliporudi kazini Jumatatu kutoka matangani Kaloleni, samaki thelathini na mmoja walikuwa wamekufa. Waliosalia walikuwa juu ya maji, wakitweta midomo wazi. Tangi hilo la kioo liko mapokezi, katika hoteli moja hapa Kikambala. Mimea iliyomo niliipanda mwenyewe, na kuitunza nilijifunza peke yangu, miaka minne sasa.

"Ni Kadii," alisema Dedan, msimamizi wetu. "Alipiga deki hapa, akamwaga sabuni tangini. Nimeshamfukuza."

Kadii ni mfanya usafi wetu. Nilisoma kipimo cha asidi: sita nukta sita, namba yangu ya kila siku. Nikafunga mtungi wa kaboni dioksidi, ile gesi inayolisha mimea, nikawasha pampu ya hewa. Maji yalichemka kwa viputo, lakini povu la sabuni halikutokea. Nusu saa baadaye samaki walianza kushuka chini.

Nikachota maji kwenye kichupa, nikadondosha dawa ya kupimia chokaa. Kwa kawaida tone la nne hugeuza bluu kuwa manjano. La nne likapita. La nane likapita. Manjano ilitokea tone la kumi na mbili.

Chokaa nyingi namna ile haitoki kwenye ndoo ya deki. Inatoka kwenye kisima chetu, kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe.

"Ulibadilisha maji?" nilimuuliza Dedan.

"Nilibadilisha, mara mbili. Yalikuwa na ukungu."

"Kwa maji ya mvua, kama nilivyokuandikia kwenye karatasi?"

"Ya mvua tulioshea magari. Kwani ya kisima si maji, Profesa? Namba ikapanda, nikafungulia gesi mpaka ikarudi pale ulipotaka. Karatasi ni yako."

Kweli ilikuwa yangu. Niliandika namba, sikuandika sababu, na hilo nalibeba. Gesi huishusha namba, chokaa huipandisha. Chokaa ikizidi mara tatu, nawe ukang'ang'ania namba ileile, umetia gesi mara tatu. Samaki wale walikosa pumzi ndani ya maji yanayong'aa.

"Kosa la maji ningelisamehe kabla ya chai," nilisema. "Sabuni uliiona wapi?"

Akatazama simu yake. "Yaishe, Mwaringa. Tutaleta samaki wengine."

"Uliiona wapi?"

Sijawahi kupaza sauti katika hoteli ile. Wageni wawili waliweka vikombe chini.

"Sikuiona," alisema.

"Basi twende."

Kadii alikuwa getini, ameketi juu ya begi lake, buibui limejaa vumbi. Hakuinuka.

"Rudi kazini," Dedan alimwambia.

"Nirudi kama nani, Bwana Dedan? Kama muuaji wa samaki?"

"Hukumwaga sabuni."

"Sijasikia. Na Menza hajasikia, naye ndiye uliyemwamuru anipekue mbele za watu."

Menza, askari wa getini, alizima redio yake akageuka kutazama.

"Hukumwaga sabuni!" Dedan alisema, safari hii kwa sauti.

Kadii akasimama, akajipangusa vumbi taratibu, akatia begi begani.

"Haya. Sasa tukaseme na jikoni. Huko ndiko ulikonitangazia." Akatangulia yeye.