Maneno Chini ya Chokaa

Mama Chileshe anasema neno la kwanza kutoka ukutani lilikuwa jina lake. Anasema alikuwa anarudi bombani na ndoo kichwani, Jumatano saa moja ya asubuhi, akapita nyuma ya kanisa la Chemchemi ya Neema kama kila siku, akaona jina lake likichomoza polepole kwenye chokaa, herufi moja moja, kama jasho usoni kwa mtu anayekula pilipili. Anasema alitua ndoo, akangoja jina limalizike, kisha akaenda zake kwa sababu maharagwe yalikuwa motoni. Watu wa avenue wanajua Mama Chileshe huongeza chumvi kwenye habari. Lakini ya maharagwe ni kweli. Yaliungua, na harufu ilifika mpaka kwa akina Perpétue.

Ilikuwa wiki ya pili baada ya kura. Internet ilikatwa nchi nzima, askari walikaa kwenye njia panda, maduka yalifunga saa sita. Simu zilibaki za kuangalia saa na kumulika njia ya chooni.

Perpétue alikwenda kuangalia ukuta kwa sababu ukuta ulikuwa kazi yake. Yeye ndiye aliyefagia kanisa na kupanga viti vya plastiki, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi alipaka chokaa, akitia konzi moja ya chumvi katika ndoo ili isibanduke. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na shule yake iliishia darasa la sita. Alisoma kwa kidole. Aliweka kidole chini ya jina la jirani, akafuata maneno yaliyokuja nyuma yake, na alipofika mwisho alijua ni maneno yake mwenyewe.

"Papa Pasta, mama yangu Laurentine hakukosa imani. Aliacha dawa ya sukari juu wewe ulimuambia aache. Tafazali sema ile mbele ya bantu."

Aliyaandika mwaka uliopita, chini ya video ya mahubiri, kwa simu ya Mama Chileshe. Ndiyo maana jina lilikuwa la jirani. Aliyaandika mara nne. Mara zote nne aliyaona yanaondoka, maana Pasta Séverin alikuwa na desturi: ibada ikiisha kuonyeshwa moja kwa moja, alikaa ofisini na simu, kidole gumba kikipita juu ya kioo kama mtu anayeondoa mawe katika mchele. Amina zilibaki. Mengine yote yalitupwa. Perpétue alikuwa anafagia mlangoni, akaona. Alimaliza kufagia. Alingoja.

Siku ya maziko, Pasta alisimama kando ya shimo akasema huyu mama amekufa kwa mashaka. Tangu siku ile jina la Laurentine halikutajwa tena kwa sauti. Na Deborah, mdogo wake Perpétue, alikuwa na mimba ya miezi minane. Kwao msichana wa kwanza hupewa jina la bibi aliyekufa, ili jina lisilale nje.

"Ya Perpétue, dada yangu, acha tu," Deborah alisema, akichagua mboga za lengalenga. "Nitamupa mutoto jina ya muntu wa mashaka? Batamucheka mpaka ku masomo."

"Mama hakukuwa na mashaka."

"Miye najua. Weye unajua. Na bantu?"

Kufikia Ijumaa ukuta ulikuwa umejaa, na yale ya Perpétue yalikuwa mahali panne. Maneno yaliyofutwa kwa miaka sita yalitoka, kila moja na jina la mwenyewe na makosa yake. "Pasta ulisema haitanyesha, muhogo wangu umeoza." "Nani alibeba sufuria yangu kubwa siku ya ndoa ya Godefroid, iko na alama nyekundu, Mama Léonie wa kwaya." "Muniombee, ndugu yangu eko Goma, simu yake haipatikane." Hata hayo yalikuwa yamefutwa, na hakuna aliyejua kwa nini.

Pasta alisema ni unyevu. Fundi aligonga ukuta, akasema umekauka vizuri sana. Perpétue aliambiwa apake upya. Alipaka. Asubuhi maneno yalirudi, meusi zaidi.

"Papa, yametoka tena."

"Ongeza chumvi."

"Chumvi imeisha soko nzima, Papa. Malori haijapita mpaka wa Kasumbalesa."

Pasta alitazama ndoo, akasema basi tutangoja malori.

Watu walianza kuja na viti vyao. Muuza unite za simu, ambaye bila mtandao hakuwa na cha kuuza, alihamishia meza yake pale na kuandika kwenye katoni: Rezo iko huku. Wazee waliomba Perpétue awasomee, kwa sababu watoto wa chuo kikuu walisoma mbio mno, na Perpétue hakuacha hata neno moja njiani. Jumamosi mtu aliandika kwa makala, kipande cha mkaa wa jikoni, chini ya habari ya sufuria: "Iko kwangu. Nilisahau." Jioni sufuria ilikuwa mlangoni kwa Mama Léonie, imesuguliwa mpaka alama nyekundu ikapauka. Kamati ya kanisa ilikuwa imeshughulikia jambo hilo miaka mitatu.

Jumapili Pasta alimwita Mama Chileshe mbele.

"Mama, maneno ile iko na jina yako. Uiondoe."

"Miye, Papa?" Mama Chileshe alifunga kikwembe vizuri kiunoni. "Mama yangu eko muzima, eko Kipushi, anakunywa dawa yake kila asubuhi na anatukana kila mutu. Nitamulilia ya nini?"

Kanisa lilicheka. Pasta hakucheka. Alisema mwenye maneno yale ajulikane, na ajue kwamba mtu anayebishana na madhabahu hana tena kazi katika nyumba ya Mungu.

Perpétue alikuwa amesimama nyuma, karibu na ufagio. Alitoka. Kwa muda ilisikika makala tu ikikwaruza ukuta upande wa nje, polepole, na watu wakatoka mmoja mmoja kwenda kuona. Alikuwa amekata kwa mstari jina la Mama Chileshe mahali pote panne, na sasa aliandika lake: Perpétue, binti ya Laurentine. Aliliandika mara nne. Mkono wake haukuwa na haraka, na watu walingoja.

Alipomaliza, Mama Léonie alimpokonya makala.

"Toka pale, mwanangu, nami niandike." Aliandika akisema kila neno kwa sauti. "Laurentine aliimba na siye siku tatu mbele ya kufa. Akaniambia, Pasta amesema niache dawa, nimeacha. Ile ni imani. Mashaka iko wapi?"

Kisha mwingine akachukua makala, na mwingine. Kumi na mmoja kwa jumla. Mtu mmoja, akikumbuka ugali wake, aliandika tu, "Bukari yake ilikuwa laini," naye akaachwa. Deborah alisimama na mikono juu ya tumbo, akisoma, na alipofika mwisho akaanza tena mwanzo.

Perpétue hakufukuzwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kushika ufagio. Wiki iliyofuata rezo ya internet ilirudi. Simu zote za avenue zililia kwa pamoja, watu wakabeba viti vyao wakaenda nyumbani. Pasta alirudi hewani, na safari hii alifunga kabisa mahali pa kuandika chini ya video. Maneno ya ukutani hayakuondoka. Malori yalileta chumvi, nayo haikusaidia.

Mtoto alizaliwa mwezi wa pili, wa kike, na masikio ya bibi yake. Siku ya kumwonyesha kanisani Pasta alimpokea, akamwinua juu.

"Jina?"

"Laurentine," Deborah alisema, na sauti yake ilifika mpaka viti vya nyuma.

Pasta alimshusha mtoto kifuani. Kisha akambariki "mutoto huyu" bila kutaja jina, akasema amina.

"Amina, Laurentine," kanisa likajibu, kwaya mbele. Mtoto alipiga chafya. Pasta akamrudisha kwa mama yake, akaendelea na matangazo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Perpétue alikoroga chokaa. Sasa anapaka kuzunguka maneno, kwa brashi ndogo. Chini ya yale yake, mahali pa nne, ameacha nafasi ya jibu la mistari miwili, na hapo hupaka mara mbili ili pawe peupe kuliko pengine. Kwenye ukingo wa dirisha, mahali ambapo mkono wa mtu mzima unafika bila kunyooshwa, ameweka kipande cha makala.

Pasta hupita hapo kila asubuhi akienda ofisini. Juzi alisimama. Aliweka koti sawa, akasoma yote, mpaka ya bukari. Kisha akaingia ndani.

Perpétue alifuta vumbi kwenye makala, akairudisha mahali pake.