Njoo Ejo

Jumamosi moja ya Julai, saa tano asubuhi, Winifrida alikuwa barazani kwake Busunzu akipachika lastiki kwenye kiuno cha gauni la mtoto, na sindano ya cherehani ilikuwa imeshakatika mara mbili tangu achemshe chai. Gauni lilikuwa la kitenge cha kahawia chenye maua ya njano, marinda sita mbele, kola nyeupe ya duara, na pindo la vidole vinne lililokunjwa ndani ili mtoto akirefuka literemshwe. Winifrida haachi pindo dogo. Anasema watoto wa huku wanakula maharage, na mtoto wa maharage harefuki kwa mpangilio.

Hapo ndipo alipofika Mwatumu, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Kibondo kutoka Tanga, ameshika mfuko wenye mita mbili za kitambaa cha waridi. Binti yake wa miaka minne alikuwa na mahafali ya chekechea Jumatatu. Kabla hajamaliza kueleza anataka mikono ya namna gani, simu yake ililia. Mzazi mwenzake alikuwa anauliza kwa nini hawakuonekana kwenye mahafali, ambayo yalirudishwa nyuma yakafanyika jana.

Mwatumu alikaa kwenye benchi, akaweka mfuko mapajani. Halafu akauliza, kwa mazoea tu, gauni lingekuwa tayari lini.

"Ejo," alisema Winifrida.

Mafundi wengine wakiulizwa swali hilo husema kesho, na kesho ya fundi dunia nzima inaijua. Winifrida husema ejo. Kwa Kiha, kama kwa Kirundi alichokulia nacho nyumbani, neno hilo moja ni kesho na ni jana pia, na kitenzi kinachoandamana nalo ndicho kinachomwonyesha msikilizaji aelekee upande gani. Lakini Winifrida akiwa kazini ana pini mdomoni, hana nafasi ya vitenzi. Husema "ejo" basi, na neno likishaachwa peke yake linakwenda kwenye haja. Kama kesho inatosha, linakwenda kesho. Kama kesho ni kuchelewa, linakwenda jana, na nguo inakuwa imeshashonwa, imeshachukuliwa na imeshavaliwa.

Mfuko wa Mwatumu ukawa mwepesi. Alipofika nyumbani alikuta gauni la waridi limeanikwa kambani, lina doa la soda kifuani, na binti yake anaimba wimbo wa kuaga darasa. Kwenye simu kulikuwa na picha. Katika mojawapo alijiona mwenyewe mstari wa mbele, anapiga makofi.

Busunzu walishazoea. Wanakwaya waliwahi kufuata magauni manne siku ya Jumatatu, wakaambiwa na paroko kwamba watoto waliimba nayo jana, tena waliimba vizuri, wakashukuru na kurudi shambani. Hasara ni moja tu. Wale wawili waliosemezana, mwenye kuomba na mwenye kuahidi, hawaikumbuki siku hiyo hivyo. Wao wanakumbuka ile nyingine, ambayo kitu hakikufanyika. Watu wengine wote wanakumbuka vizuri.

Hili lilimkera Winifrida kuliko alivyoonyesha, kwa sababu anapenda kushona. Anapenda mlio wa mkasi kwenye kitambaa kipya, anapenda kupindua kola na kuchomoa ncha yake kwa kijiti, anapenda hata kufumua. Gauni la ejo lilimpita. Angeweza kukutana nalo njiani, likiwa limevaliwa na mtoto anayekimbiza mbuzi, akautambua mshono kuwa ni wake, na vidole vyake visikumbuke chochote.

Ndiyo maana kuna kitu kimoja ambacho hakuwahi kukisemea ejo. Kilikuwa blanketi la viraka alilomshonea Mpawenimana, kitinda mimba wake. Mpawenimana alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa amechaguliwa kwenda chuo cha uuguzi Kasulu. Barua ya chuo iliorodhesha ndoo, viatu vyeusi visivyo na kisigino, blanketi moja zito na cheti cha uraia. Blanketi lilikuwa kazi ya Winifrida: viraka vya ukubwa wa kiganja, vyote vikitoka kwenye mabaki ya magauni ya watoto aliyoshona kwa miaka ishirini, juu ya blanketi kuukuu la sufu, na mishono ya mkono ikipita tabaka zote mbili. Binti yake alipouliza litakwisha lini, alijibu "bado," na akajibu hivyo wiki tano mfululizo, akiwa na furaha kabisa.

Cheti kilikuwa habari nyingine. Wazazi wa Winifrida walivuka mpaka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Karatasi za familia zilishughulikiwa kwa miaka mingi, na za wengine wote nyumbani zilikwisha. Ya Mpawenimana ilikuwa kwenye ofisi ya vyeti mjini Kibondo, na aliyekaa kaunta katika ofisi hiyo alikuwa Mwatumu.

Mwatumu si mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi, watu wangemsema na kupumua. Kila wiki alimwamkia Winifrida kwa heshima, akaulizia magoti yake, halafu akasema, "Kesho, mama." Cheti kilikuwa kimeshachapwa. Winifrida alikiona kwa macho yake kupitia kioo, kimelala juu kabisa kwenye trei ya mbao, jina limeandikwa bila kosa hata moja, jambo ambalo kwa jina kama Mpawenimana si dogo. Kilikosa saini ya mkuu wa ofisi tu, na mkuu alikuwa kwenye semina.

Siku ya mwisho ya kuripoti chuoni ilikuwa Alhamisi ya pili ya Oktoba, saa kumi jioni. Alhamisi hiyo Winifrida alikaa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi mpaka mlinzi alipoanza kufunga madirisha, na akaambiwa kesho. Ijumaa alirudi. Kwenye benchi alimkuta mzee Ndayikeza, ambaye alikuwa anafuatilia cheti chake kwa mwaka wa nne na alikuwa na sehemu yake maalumu ya kukaa, karibu na ukuta.

"Shikamoo, mama Mpawe," alisema Mwatumu.

"Marahaba, mwanangu."

"Mkuu hajarudi. Njoo ke..." Akakumbuka kuwa kesho yake ni Jumamosi. "Njoo Jumatatu."

"Chuo kimefunga kuripoti jana," alisema Winifrida. "Jumatatu nitaifanyia nini? Niambie ejo."

Mwatumu aliangalia ukutani. Kulikuwa na tangazo lililochapwa kwa herufi kubwa: HAPA TUNAZUNGUMZA KISWAHILI FASAHA.

"Neno hilo siruhusiwi kulisema hapa kaunta, mama."

"Kwangu ulilipokea, mbona."

"Nililipokea." Mwatumu alisogea karibu na kioo. "Nikwambie kitu, mama yangu? Mahafali ya mwanangu sikuyaona. Wananiambia nilipiga makofi, na picha ninayo, ila sikuyaona. Nikikuambia hilo neno, hutamuaga binti yako. Utakuta ameshakwenda."

Winifrida alikuwa anajua. Alijua tangu alipokuwa njiani, na ndiyo sababu alitembea polepole. Asubuhi ile alimwacha Mpawenimana amekaa juu ya sanduku lake la bati, na blanketi lilikuwa limebakiza safu mbili. Alikuwa amepanga namna ya kumuaga. Angemsindikiza stendi, angemfungia blanketi kwa kamba ya katani, angemwambia maneno fulani aliyokuwa akiyatengeneza kichwani kila alipokuwa anapitisha uzi. Alitaka sana kumuaga.

"Sema," alisema.

Mwatumu aliinama mpaka kwenye tundu la kioo. "Ejo, mama."

"Haya. Ahsante, mwanangu."

Kwenye trei, cheti kilichokuwa juu kabisa sasa kilikuwa cha mtu mwingine. Mzee Ndayikeza alisogeza miguu ili Winifrida apite.

Nyumbani alimkuta mumewe, Nduwayezu, anachambua maharage kwenye ungo. Sanduku la bati halikuwepo, wala ndoo, wala viatu vyeusi.

"Alipiga simu jana saa kumi kasorobo," alisema Nduwayezu. "Wamempokea. Kitanda cha juu."

"Aliondokaje?"

"Aliondoka vizuri."

Winifrida alisubiri, lakini hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote. Nduwayezu ni mume mwema, ila ukimtuma harusini atakuletea habari kwamba watu walikula.

Blanketi lilikuwa palepale kwenye kiti cha cherehani, na sindano imechomekwa alipoiacha. Kwa hiyo Mpawenimana alikwenda bila blanketi, na Oktoba Kasulu mvua zimeshaanza na alfajiri kuna baridi ya kweli. Winifrida alikaa, akavaa miwani, akaendelea. Hakuharakisha. Safu mbili hizo alizishona kwa siku nane, mchana, mlango ukiwa wazi, na kila mshono aliukumbuka. Aliweka kiraka cha gauni la ubatizo la Mpawenimana mwenyewe, kilichobaki ukubwa wa vidole vitatu ikabidi akiungie. Aliweka kipande cha waridi alichokuta kwenye sanduku la mabaki, hakumbuki kukikata, na pembeni yake akaweka kile cha kahawia chenye maua ya njano. Zilikuwa siku nzuri. Aliimba, na kuku wa jirani wakaingia mpaka barazani bila kufukuzwa.

Mkuu wa ofisi alirudi kutoka semina katikati ya wiki iliyofuata. Alikumbuka vizuri kwamba Alhamisi ile ya kuripoti, wakati wa chai, aliletewa cheti kimoja hukohuko semina akakisaini. Alisema kalamu alikuwa nayo mkononi, na kama wangemletea trei nzima angeimaliza kabla chai haijapoa, lakini hakuna aliyemwambia. Aliyasema haya mbele ya watu walio kwenye benchi, bila aibu, akaingia ndani na kufunga mlango, maana alikuwa na ripoti ya semina ya kuandika. Chai ya kikombe kimoja! Watu walikuwa wamezeeka kwenye benchi lile kwa kazi isiyofika chai ya kikombe kimoja. Siku iliyofuata ulitoka waraka wa kuwakumbusha watumishi wote kuhusu lugha ya kazi, na Mwatumu alipewa nakala aibandike upande wake wa kioo.

"Mwanangu," alisema mzee Ndayikeza ilipofika zamu yake, "na mimi niambie lile neno la yule mama. Hata taratibu, nasikia."

Mwatumu aliangalia waraka. Alikuwa na mtoto, na alishahamishwa mara mbili.

"Kesho, mzee wangu," alisema kwa Kiswahili fasaha.

Mzee alishukuru, akarudi kwenye sehemu yake karibu na ukuta.

Jumapili baada ya misa ya kwanza, Winifrida alipanda basi la Kasulu na blanketi ndani ya mfuko wa salfeti. Siku ya wageni chuoni huwa na kelele, mama wengi na vyungu vyao, lakini Mpawenimana alimpeleka kwenye ngazi za nyuma ya bweni ambako kulikuwa na jua. Alikuwa amevaa sare ya bluu iliyombana mabegani. Winifrida aliushika mshono kwa vidole viwili, akaona fundi hakuacha nafasi, akajizuia kusema lolote.

Walilitandaza blanketi kwenye ngazi. Mpawenimana aliliangalia kiraka kwa kiraka, akitaja majina ya watoto anaowajua. Alipokifikia kile kilichoungiwa alikilazia shavu.

"Baridi ya huku ni kali, mama. Nilikuwa nalala na sweta mbili."

"Ningelileta mapema. Nilikuwa nalimalizia."

Walikula viazi. Halafu Winifrida akauliza lililomleta, na aliuliza huku anafunga mfuko, kana kwamba ni habari ndogo.

"Siku ile unaondoka, mimi nilikuwaje?"

Mpawenimana hakushangaa. Alikulia kwenye nyumba ile. "Ulikuwa vizuri. Ulitoka ofisini na cheti unakimbia, mama, na magoti yako yale. Ukanisindikiza stendi. Ukanishika mkono dirishani mpaka konda akafoka."

"Nililia?"

"Hukulia. Baba ndiye aliyelia. Alilia mpaka watu wakamnunulia maji."

Winifrida alimkumbuka Nduwayezu na ungo wake wa maharage. "Mimi je, nilisema nini?"

"Uliingiza kichwa dirishani ukaninong'oneza sikioni." Mpawenimana alitabasamu, na uso wake ukawa wa mtu mzima. "Ila ulisema nisimwambie mtu."

"Hata mimi?"

Msichana alifikiri sawasawa, maana lilikuwa swali la haki. "Hukusema isipokuwa wewe."

Winifrida aliangalia uwanja, na mama wengine, na watoto wao. Aliona wivu kidogo kwa yule mwanamke wa stendi. Kisha aliona kwamba yule mwanamke alifanya kazi yake vizuri.

"Basi usiniambie," alisema, akainuka akishikilia magoti, na kumwomba binti yake waingie bwenini wakaone kama blanketi linatosha kitanda.