Hema Kwenye Kona ya Msingi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule mzee nilimpa miezi, na jembe nikaja nalo mwenyewe.

Kiwanja ni changu, nimekinunua kwa jasho la cherehani. Mwenye nyumba niliyopanga alishaniambia nihame, mimi na wanangu, maana anataka kumwozesha kijana wake humo. Na pale pale inapoanzia kona ya msingi wangu, mzee kasimika hema la turubai! Nilimsihi, nikamfokea, nikamletea mjumbe. Jibu lake ni lile lile: "Nivumilie kidogo, mwanangu." Uvumilivu wa kugawa sikuwa nao.

Kilichonichefua zaidi, ndani ya hema lenyewe halali. Analala nje, mlangoni, kajikunyata kwenye gunia hata manyunyu yakianguka. Fundi wangu alikuwa akimcheka. "Mama, huyu kajenga nyumba, halafu kajifanya mbwa wake." Nami nilicheka.

Asubuhi moja mzee alipokwenda bombani, nilimwambia fundi, "Ng'oa." Akakata kamba kwa panga, akavuta, turubai likachanika katikati. Ndani hapakuwa na godoro wala sufuria. Palikuwa na tuta la udongo, urefu wa mtu, limezungushiwa mawe yaliyooshwa yakatakata.

Fundi aliweka panga chini. "Mama, mimi hapa sichimbi."

Mzee akarudi na ndoo yake. Nilingoja matusi, na ningeyapokea. Akaitua ndoo polepole.

"Ni mke wangu," alisema. "Kifua kilimmaliza. Makaburini wakauliza sisi ni wakazi wa mtaa gani. Nikakosa jibu."

"Sasa mzee, si ungeniambia?"

"Nilijua utanifukuza mimi. Ningekuambia, ungemfukuza na yeye."

Nilifungua mdomo kukataa. Lakini najijua: kwa jinsi maji yalivyokuwa yamenifika shingoni, ningemfukua. Niliona haya mbele ya fundi, mbele ya mzee, na mbele ya yule aliyelala pale.

Matone yakaanza. Niliokota turubai, nikahangaika kulitandaza juu ya tuta, ila mpasuko ulikuwa mkubwa na maji yakawa yanapita hapo hapo.

"Liache, mama," mzee alisema.

Akavua shati lake, akamfunika mkewe upande wa kichwani, kisha akajilaza kando yake kwenye tope.